Kutegemeka kwa Umeme: Utoshelevu na Uthabiti

Mhariri wa Kiswahili akiletewa habari inayolinganisha nishati jadidifu na mitambo ya gesi, dizeli au makaa ya mawe, neno "jadidifu" halimsumbui tena. Limeshaota mizizi. Watanzania husema nishati jadidifu, Wakenya husema kawi jadidifu, na pande zote mbili zinaelewa kwamba ni jua, upepo, maji, jotoardhi na mabaki ya mimea. Neno gumu ni lile linalofuata baada yake: je, umeme huo ni wa kuaminika, wa uhakika, au wa kutegemewa? Magazeti hutumia yote matatu bila kuchagua, na msomaji akimaliza habari hajui kilichopimwa ni nini.

Kwa dhana hii nachagua kutegemeka, na sababu yangu ni ya kisarufi. Kutegemewa ni hali ya kutendwa: watu wanakitegemea kitu, kiwe kizuri au kibovu. Kutegemeka ni sifa ya kitu chenyewe, kwamba kinafaa kutegemewa. Jenereta ya dizeli iliyochakaa inaweza kutegemewa na mji mzima bila kutegemeka hata kidogo. "Uhakika" nalo ni neno tamu la majukwaani, lakini halina kipimo. Kuaminika tuwaachie watu na habari.

Kazi haiishii kwenye kuchagua neno. Wahandisi wa umeme hugawa kutegemeka kwa mfumo katika mambo mawili ambayo Kiswahili cha magazeti huyachanganya. La kwanza ni utoshelevu: je, mitambo iliyopo, na maji, gesi, jua au upepo wa kuiendesha, vinatosha kukidhi mahitaji ya saa zote, hasa zile ambazo matumizi yapo juu kabisa? La pili ni uthabiti: hitilafu ikitokea ghafla, mtambo ukajizima au nguzo ikaanguka, je, mfumo unahimili mshtuko huo au unazimika wote? Dhana hii ya pili wengine huiita usalama wa mfumo. Neno usalama, hata hivyo, humpeleka msomaji kwenye ulinzi na ajali za kupigwa shoti, kwa hiyo uthabiti unafaa zaidi.

Anayedhani mgawanyo huu ni wa vitabuni awasikilize wananchi. Mtu wa Dar es Salaam akisema "kuna mgao", anazungumzia utoshelevu: umeme haupo wa kutosha, basi unagawanywa kwa zamu. Akisema "gridi imezimika", anazungumzia uthabiti. Hakuna anayeita kuzimika kwa gridi usiku mmoja mgao.

Tanzania ilipitia hali zote mbili katika muda mfupi. Mwishoni mwa 2023 ukame na matengenezo ya mitambo vilileta upungufu wa takribani megawati 400, na mgao ukarudi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ukaanza kuzalisha. Ni mmoja kati ya mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Machi ikatangazwa kwamba baadhi ya vituo vya maji vimezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili gridi ya Taifa ikapata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Wengi waliuliza: mbona tuliambiwa umeme umezidi? Ulikuwa umezidi kweli. Utoshelevu ulikuwapo, uthabiti ndio uliokosekana. Laiti taarifa za miezi ile zingetumia maneno mawili badala ya "umeme wa uhakika", swali lisingezaa minong'ono.

Sasa turudi kwenye mashindano ya jadidifu na kawaida. Jozi hii ilitoka katika nchi ambazo umeme wa kawaida ni wa makaa ya mawe, gesi na nyuklia, na upepo na jua ndio wageni. Afrika Mashariki haikai hivyo. Kwetu umeme wa kawaida, uliozoeleka tangu kituo cha Kidatu kilipoanza kuzalisha miaka ya 1970, ni wa maji, na maji ni jadidifu. Ndiyo hayo hayo yaliyotuletea mgao kila bwawa la Mtera lilipokauka. Kenya nayo ina jotoardhi ya Olkaria, iliyoanza mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15 na leo ndiyo mhimili wa umeme wa nchi hiyo. Mvuke wa Olkaria ni jadidifu, lakini haujui usiku wala kiangazi. Anayeandika kwamba "nishati jadidifu haitegemeki" ameweka Olkaria, Mtera na paneli ya jua kwenye kapu moja. Kinachotenganisha vyanzo hivi ni kama vinabadilika saa kwa saa na hali ya hewa au la. Kwa hiyo tuwe na istilahi ya vyanzo badilifu kwa jua na upepo, na tuliache jadidifu lieleze asili ya nishati tu.

Upande wa pili nao hauna kinga. Afrika Kusini huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, na mwaka 2023 ilikumbwa na mgao mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia. Makaa hayakuwa yamekwisha ardhini. Mitambo ndiyo iliyochakaa: kipimo cha upatikanaji wa mitambo ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, yaani sehemu ya uwezo wake inayokuwa tayari kufanya kazi, kilishuka hadi karibu asilimia 55. Kituo kinachoweza kuwashwa saa yoyote kikawa hakiwaki karibu nusu ya wakati. Hilo ni tatizo la utoshelevu, na limetoka kwenye chanzo kinachosifiwa kwa uhakika wake.

Utoshelevu wa vyanzo badilifu hupimwa kwa saa. Katika gridi zetu matumizi hupanda jioni, watu wanaporudi nyumbani, kuwasha taa na kupika. Kituo cha jua cha megawati 50 saa 2 usiku kinatoa sifuri. Hapo wapinzani wa jua wana hoja. Lakini hoja hiyo inasahau bwawa. Jua likibeba mzigo wa mchana, mitambo ya maji inapunguziwa kazi na maji yanabaki nyuma ya ukuta yakisubiri jioni. Umeme wa jua haufiki usiku, ila maji yaliyookolewa na jua yanafika. Nchi yenye mabwawa makubwa inalo ghala ambalo nchi ya makaa hulazimika kulinunua kwa betri. Ndiyo maana swali la kama jua linategemeka halijibiki bila kujua limeunganishwa na nini.

Kwenye uthabiti mambo ni magumu zaidi. Gridi zetu hufanya kazi kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme unaozalishwa ukipungua ghafla kuliko unaotumika, mizunguko hiyo hushuka, na ikishuka sana mitambo hujizima kujilinda, mmoja baada ya mwingine. Turbini nzito za maji, mvuke na gesi husaidia, kwani chuma kinachozunguka hakisimami mara moja, kama gurudumu la baiskeli linavyoendelea kuzunguka ukiacha kukanyaga pedeli. Sekunde hizo chache huipa mitambo mingine nafasi ya kuongeza nguvu. Paneli ya jua haina kinachozunguka, na umeme wake hupitia vifaa vya kielektroniki. Hapa ndipo vyanzo badilifu vina udhaifu wa kweli, nao haufanani na ule wa kukosa jua usiku.

Hata hivyo, mshtuko hauchagui chanzo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme wa maji cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Tumbili alisalimika. Agosti 2023 Kenya ilizimika tena. Shirika la umeme la Kenya Power lilitaja kupotea kwa umeme wa upepo kutoka mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Wenye mradi wakajibu kwamba mitambo yao ilijizima kwa sababu volteji ilikuwa imepanda kwenye gridi. Ubishi huo ni wa uthabiti mtupu: nani alianza kuyumba, nani aliyumbishwa. Kuupeleka kwenye swali la kama upepo unavuma au hauvumi ni kuukosea.

Australia Kusini inaonyesha uthabiti unavyoweza kutengenezwa. Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme, na jimbo zima likazimika. Uchunguzi uligundua kwamba mashamba kadhaa ya upepo yalijizima kwa sababu ya mipangilio ya kujilinda iliyokuwa imewekwa ndani ya vifaa vyake, ingawa upepo ulikuwa tele. Mipangilio ikabadilishwa. Mwaka uliofuata betri kubwa ya Hornsdale, megawati 100, ikaunganishwa kwenye gridi, nayo hujibu mshtuko kwa kasi isiyowezekana kwa turbini.

Kwa mwandishi na mfasiri, basi, natoa mapendekezo haya. Kutegemeka litumike kwa sifa nzima ya mfumo wa umeme, na lisibandikwe chanzo kimoja peke yake, maana chanzo hakitegemeki wala hakikosi kutegemeka nje ya gridi yake. Utoshelevu litumike panapohusu wingi: ukame, upungufu wa gesi, mitambo mibovu, mgao. Uthabiti litumike panapohusu mshtuko: hitilafu, kuyumba kwa volteji, gridi kuzimika. Jua na upepo viitwe vyanzo badilifu pale kubadilika kwake ndiko kunakojadiliwa.

Faida yake haiishii kwenye kurasa za kamusi. Upungufu wa utoshelevu hutibiwa kwa vituo vipya, matengenezo na ghala la maji au betri. Upungufu wa uthabiti hutibiwa kwa njia za kusafirisha umeme, mifumo ya kujilinda na waendeshaji wenye akiba ya kuwasha kwa haraka. Waziri anayeahidi bwawa jipya baada ya gridi kuzimika ameahidi dawa ya ugonjwa mwingine, na mwandishi mwenye maneno mawili badala ya moja anaweza kumuuliza kuhusu hilo palepale.