Kabureta: mafuta yamezidi au hewa imezidi?

Pikipiki nyingi zinazokatiza kati ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, bado zinaendeshwa kwa kabureta. Kwenye magari mapya kifaa hiki kimekwisha. Hata Marekani, kwenye mbio za dragi ambako magari mawili hushindana kwenye mstari ulionyooka wa robo maili, yaani takriban mita 402, daraja la Pro Stock liliachana na kabureta mwaka 2016 na kuhamia mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta. Bodaboda haijahama. Ikizimika mlimani na magunia ya maharage mgongoni, abiria anashuka, mzigo unashushwa, na dereva anaanza kumweleza fundi ugonjwa wa injini kwa maneno aliyonayo. Maneno hayo ndiyo yanayoamua fundi ataanza kufungua wapi.

Jina lenyewe lina asili ya Kifaransa, carbure, muungano wa kaboni na elementi nyingine. Vifaa vya mwanzo vilipitisha hewa juu ya petroli ili ibebe mvuke wake. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, Mjerumani, na Wahungaria Donát Bánki na János Csonka, walikuja na njia ya kunyunyiza, na ndiyo tuliyo nayo hadi leo. Injini inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba na kuongeza mwendo, kanieneo yake inashuka, basi petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia kitundu na kutawanyika kuwa matone madogo. Wapo wanaotamani neno la Kibantu, tuseme “kichanganyishi”. Mimi sioni faida. Kazi ngumu ya kabureta si kuchanganya, ni kupima, na “kichanganyishi” kinaficha kazi hiyo. Kabureta ibaki kabureta. Penye upungufu ni kwenye majina ya magonjwa yake.

Petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 hivi za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Injini inayotafuta nguvu zote hutaka mafuta zaidi kidogo, kama 12.5 hadi 13 kwa moja. Ukienda upande mmoja wa kipimo hicho mafuta ni mengi mno, ukienda upande wa pili ni machache mno, na karibu kila tatizo la kabureta, liwe la gari la mashindano au la pikipiki ya kukodi, limekaa upande mmoja kati ya hizo mbili.

Waingereza huuita mchanganyiko wa kwanza tajiri na wa pili uliokonda. Tafsiri ya moja kwa moja haimsaidii mtu yeyote. “Mzito” na “mwepesi” zinakaribia, lakini zina hatari. Kwa dereva, pikipiki nyepesi ni sifa: inachomoka, haichoshi. Ukimwambia mchanganyiko wake ni mwepesi atashukuru, kumbe injini inachemka na pistoni inaelekea kutoboka. Ninachokipendekeza ni kile kinachosikika gereji kila siku: mafuta yamezidi, au hewa imezidi. Maneno hayo yanamtaja mkosaji, na fundi anajua apunguze nini.

Mlima nao una neno lake katika hili. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Kasulu na Kibondo zinapanda hadi kati ya mita 1,200 na 1,500. Kwenye mita 1,400 hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta haijui kwamba imepanda. Mafuta inayonyonya hayapungui kwa kiasi kile kile cha hewa, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo mafuta yanavyozidi. Watu wa dragi walilijua hili vizuri kule Bandimere, Colorado, uwanja uliokuwa kwenye mita 1,770 hivi hadi ulipofungwa mwaka 2023: waliofika na vipimo vya pwani walilazimika kubadilisha jeti, kuweka zenye tundu dogo zaidi. Pikipiki iliyotuniwa pwani ikiletwa Kibondo na kuanza kutoa moshi mweusi, mwenyewe asikimbilie kulaumu ringi za pistoni.

Jeti yenyewe ni kipande cha shaba nyeupe kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, chenye tundu katikati. Ikiziba, wengi huchomoa uzi mmoja wa waya wa breki na kuuchokonoa humo. Hapa nasema kwa msisitizo: usifanye hivyo. Tundu la milimita 1 likipanuka na kuwa milimita 1.05, eneo lake limeongezeka kwa takriban asilimia 10, na hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo. Siku hiyo hiyo pikipiki itawaka vizuri; baada ya wiki dereva analalamika kwamba inakula mafuta. Loweka jeti kwenye petroli safi, puliza kwa pampu, itazame kwa kuielekeza kwenye mwanga. Kama tundu halionekani la duara, nunua nyingine.

Kinachoziba mara nyingi ni vumbi jekundu la kiangazi lililopenya kwenye kichujio kilichochakaa, au maji na uchafu wa chupa za petroli zinazouzwa barabarani. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulipunguzwa sana pale EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011. Vinasaba, hata hivyo, havichuji mchanga. Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli, kinga mafuta kwenye kizibo cheupe, subiri kidogo. Maji hujikusanya chini kama ushanga.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana kati ya uwanja wa dragi na mteremko wa kijijini, nao ni wa boya, kile kielea kinachofungua na kufunga mafuta ya bakuli. Gari la dragi likichomoka, petroli yote hukimbilia nyuma ya bakuli. Kwenye kabureta yenye bakuli mbili, jeti za bakuli la nyuma, ambazo ziko upande wake wa mbele, zinabaki hewani, na injini inakohoa pale pale inapohitaji nguvu. Mafundi wa huko huzirefusha jeti hizo kwa vijibomba hadi nyuma. Pikipiki haina kasi hiyo, ila ikiinama kwenye mwinuko mkali, usawa wa mafuta hubadilika vilevile. Kama boya limekaa chini mno, injini itakosa mafuta mlimani na kupona tambarare. Likikaa juu mno, petroli itamwagika kwa bomba la pembeni. Dereva akisema “inazima mlimani tu”, fundi mzuri huanza na boya kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Ili kujua ni upande upi, choki inatosha. Injini ikiwa ya moto na inamisi, vuta choki nusu. Ikitulia, hewa ilikuwa imezidi. Tafuta jeti iliyoziba, au mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Ikizidi kuzubaa na kutoa moshi, mafuta ndiyo yaliyozidi. Tazama kichujio, boya na ncha ya sindano yake. Kisha thibitisha kwa plagi. Masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi, weupe wa chaki ni hewa kuzidi, rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka.

Sasa skrubu. Karibu kila mtu huita ile skrubu ndogo ya pembeni “skrubu ya hewa”, na jina hili limeharibu kazi nyingi. Kwenye kabureta ambazo skrubu iko upande wa kichujio, inapima hewa kweli: ukiikaza, hewa inapungua, mafuta yanazidi. Lakini kwenye pikipiki nyingi za leo iko upande wa injini, mbele ya koo, na inachopima ni mafuta ya mwendo wa chini: ukiikaza, mafuta yanapungua. Mkono ni ule ule, matokeo yamegeuka. Kijana aliyefundishwa kwamba kukaza kunaongeza mafuta atakaza, injini itazima, atakaza tena. Vyuo vya VETA na waandishi wa miongozo wanaweza kulimaliza hili kwa maneno mawili: iliyo upande wa kichujio iitwe skrubu ya hewa, iliyo upande wa injini iitwe skrubu ya mafuta, na mwanafunzi ataje kwanza skrubu iko upande gani kabla hajakabidhiwa bisibisi.