Mama Aliyewaandikia Watoto Wake



Kila tarehe 8 Machi tunacheza ngoma, tunasikiliza risala, kisha kila mtu anarudi kwenye foleni ya maji. Mwaka huu Kamati imeomba tusome pia vitabu vya wanawake. Mimi naanza na kitabu cha Salme binti Said, kwani naye alikimbia kwao.

Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka zake walipogombea kiti, alifanywa mwandishi wa barua wa upande wa Barghash, naye ana miaka 15 tu! Upande huo ukashindwa.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Ruete, alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa jina la Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Akabaki na watoto watatu wadogo, ugenini.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1886. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake tu, wajue mama yao ametoka wapi. Humo mna malezi, harusi, sikukuu, mavazi na maradhi ya nyumba ambamo mwanamume mgeni asingeruhusiwa kuingia. Si kila neno la kukubali: anautetea utumwa, na hapo tumsome kwa macho makali.

Wako akina mama wa darasa la watu wazima wanaosema hawana kalamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950, hakujua kusoma wala kuandika. Shaaban Robert ndiye aliyeandika maisha yake, na mpaka leo tunayasoma.

Mama yangu alivuka ziwa mwaka 1996, mimi nikiwa mgongoni. Sijui alipanda mtumbwi wa nani, wala alilipa nini. Sikumwuliza, na sasa hayupo.

Madaftari yapo kwa katibu wa Kamati. Asiyejua kuandika aje jioni pamoja na mwanawe anayesoma shule.