Arifa zilizochujwa za matangazo ya mtandaoni

Ni taarifa ambazo mfumo wa matangazo, kama Google Ads, humtumia mtangazaji kampeni inapovuka kiwango alichokiweka. Kila arifa huongozwa na kanuni inayotaja sharti, kipindi cha kupimwa na kichujio. Kichujio ndicho kiini: muuzaji wa maembe mjini Wote, Kaunti ya Makueni, anaweza kuchagua kampeni inayolenga Nairobi pekee, yenye mibofyo zaidi ya 100, aarifiwe kwa barua pepe gharama ya kila mbofyo ikizidi shilingi 20. Bila kima hicho cha chini cha mibofyo, mibofyo miwili mitatu tu huzua hofu ya bure. Msimu wa maembe ukiisha, viwango vipangwe upya. Arifa peke yake haizuii fedha kutumika. Kusimamisha tangazo kiotomatiki huhitaji kanuni nyingine.