Sairat na Dhadak

Sairat ni filamu ya lugha ya Kimarathi kutoka nchini Uhindi. Iliongozwa na Nagraj Manjule na kutolewa tarehe 29 Aprili 2016. Dhadak ni filamu ya lugha ya Kihindi iliyoongozwa na Shashank Khaitan na kutolewa tarehe 20 Julai 2018. Dhadak inasimulia upya hadithi ya Sairat. Zote mbili zinahusu kijana na msichana wanaopendana kinyume na matakwa ya familia ya msichana. Mjadala mkubwa kuzihusu ni kama filamu ya pili imefikia uzito wa ile ya kwanza, hasa katika suala la tabaka la kuzaliwa.

Usuli

Uhindi ina filamu katika lugha nyingi. Filamu ya lugha ya jimbo ikipendwa sana, ni kawaida watayarishaji kununua haki zake na kuitengeneza upya kwa lugha nyingine. Sairat ilikuwa filamu ya kwanza ya Kimarathi kuingiza zaidi ya rupia bilioni 1. Kabla ya Dhadak ilikwisha kurudiwa kwa Kikannada (Manasu Mallige, 2017) na kwa Kipunjabi (Channa Mereya, 2017).

Katika mfumo wa tabaka, mtu hurithi nafasi yake katika jamii kwa wazazi wake, na hutarajiwa kuoa au kuolewa ndani ya kundi lake. Katiba ya Uhindi ya mwaka 1950 ilipiga marufuku desturi ya kuwatenga watu wa tabaka za chini kabisa kama najisi. Hata hivyo, bado kuna vijana wanaouawa na jamaa zao kwa kuoana nje ya tabaka, kwa madai ya kulinda heshima ya ukoo. Manjule mwenyewe anatoka katika jamii ya Dalit, yaani watu waliotengwa hivyo. Filamu yake ya Fandry (2013) nayo ilihusu mvulana wa tabaka la chini.

Hadithi ya Sairat

Parshya ni mtoto wa mvuvi, naye ni hodari darasani na katika mchezo wa kriketi. Archi ni binti wa Patil, mwenye mashamba na mwanasiasa anayeogopwa katika eneo zima. Ni msichana jasiri anayeendesha pikipiki na trekta. Wahusika hawa waliigizwa na Akash Thosar na Rinku Rajguru, ambao hawakuwa wameigiza filamu kabla ya hapo.

Nguvu ya tabaka huonekana mapema. Mwalimu anapomuuliza Prince, kaka yake Archi, yeye ni nani, anapigwa kofi mbele ya wanafunzi, na hakuna anayemwadhibu mpigaji. Mapenzi yanapogunduliwa, vijana hao wanatorokea Hyderabad, ambako wanaishi kwenye mtaa wa mabanda. Archi, aliyezoea nyumba kubwa, anashindwa kuvumilia uchafu na harufu. Wanagombana, wanapatana, wanafanya kazi na kupata mtoto.

Tofauti katika Dhadak

Dhadak inahamishia hadithi Udaipur, katika jimbo la Rajasthan, na wapenzi wanaishia Kolkata. Ishaan Khatter anaigiza kama Madhukar na Janhvi Kapoor kama Parthavi. Madhukar ni mtoto wa familia yenye biashara yake, hivyo umbali kati yake na msichana ni mdogo kuliko ule wa mtoto wa mvuvi na binti wa Patil. Tabaka linatajwa kwa maneno machache tu, na ugomvi unaelekea zaidi kwenye siasa za baba yake Parthavi. Maisha ya ukimbizini nayo hayaoneshwi kwa ugumu uleule.

Watunzi wa muziki, Ajay-Atul, ni walewale, na baadhi ya nyimbo, ukiwemo "Zingaat", zilitumika tena kwa maneno ya Kihindi.

Mwisho wa filamu

Katika Sairat, jamaa za Archi wanakuja na zawadi, naye anawapikia chai. Mtoto anaporudi kutoka kwa jirani anawakuta wazazi wake wameuawa. Anatoka nje akilia, nyayo zake zikiacha alama za damu, na filamu inaisha bila sauti. Katika Dhadak, Parthavi anabaki hai huku mume na mtoto wake wakitupwa kutoka ghorofani.

Mapokezi

Dhadak ilifanya vizuri kibiashara, lakini wahakiki wengi waliiona dhaifu kuliko Sairat. Lawama kuu ilikuwa kwamba iliondoa tabaka, ambalo ndilo chanzo cha mauaji. Mwisho wa Sairat unashtua, lakini mtazamaji akikumbuka lile kofi la darasani anaona kwamba ulikuwa umeandaliwa tangu mwanzo. Mwisho wa Dhadak unashtua pia, ila sababu yake haikujengwa vya kutosha. Kwa upande mwingine, Dhadak iliifikisha hadithi kwa watazamaji wengi wasiojua Kimarathi.

Mwaka 2025 ilitolewa Dhadak 2, iliyoongozwa na Shazia Iqbal. Hii haikuendeleza hadithi ya kwanza, bali ilirudia filamu ya Kitamil ya Pariyerum Perumal (2018) ya Mari Selvaraj. Safari hii ubaguzi wa tabaka uliwekwa wazi katikati ya hadithi.