Kunawa na kunawishwa

Vyombo tunaosha, nguo tunafua, mikono tunanawa. Kutoka kunawa kikazaliwa kunawisha: kumpa mwenzako maji mikononi kabla ya ugali. Naona kitenzi hiki kinamaliza nusu ya ugomvi wa sinia moja. Wanaotaka kila mtu ale sahani yake, iwe Ulemo kule Iramba au Seoul, ambako vijiko vingi vimezoea kuchota mchuzi katika chungu kimoja, wanataja kipindupindu na korona, na hofu yao ina msingi. Lakini kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na mkono mchafu hauwi safi kwa kupewa sahani ya peke yake. Kosa ni beseni linalozungushwa, wa mwisho akinawia uchafu wa wa kwanza. Anayenawisha humimina; maji hayarudi. Kampeni za afya zilipotuletea “maji tiririka” na “kibuyu chirizi”, lile dumu linaloinamishwa kwa mguu, zililipa jina jipya jambo ambalo mgeni wa heshima amekuwa akifanyiwa siku zote.

Atasema mtu: kunawishwa hakumzuii mgonjwa kukohoa juu ya mlenda. Kweli, huyo atengewe chake. Na sabuni? Kitenzi hakiitaji, kwa hiyo lazima tuitaje sisi.