Kabla ya Kupiga Hema Kando ya Njia ya Safari

Vijana wa mtaani kwetu wanachanga fedha. Wameazimia kuvuka mpaka wa Namanga waende Kenya, wapige hema kando ya barabara kwa siku mbili tatu za mwisho wa juma, na kutazama magari ya kale yakishindana katika mbio ziitwazo East African Safari Classic. Nimeombwa mchango, na pia nimeombwa ushauri, kwa sababu wao wanaamini kwamba kila mwenye mvi anazijua habari za Datsun. Mchango nimetoa. Ushauri umekuwa mrefu mno, ndiyo maana naona heri niulete hapa redioni.

Kwanza wajue wanakwenda kutazama nini. Mbio hizi za magari ya kale zilianza mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 ya Safari Rally yenyewe. Na Safari ya kwanza, ile ya mwaka 1953, haikuitwa Safari Rally. Iliitwa Coronation Safari, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara ambazo nyingi zilikuwa za udongo mtupu. Magari yenyewe yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake. Kwa wenye kuuza magari hilo lilikuwa tangazo la bure. Mwaka 1954 mshindi alikuwa Vic Preston, akiendesha Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa mviringo.

Lakini hebu tutazame tarehe. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi Oktoba mwaka 1952. Miezi michache baadaye, wakati watu wengi wa Kenya ya kati hawakuweza kutoka wilayani mwao bila ruhusa, wengine walikuwa wakikimbiza magari katika nchi tatu kwa ajili ya furaha ya Malkia. Sisemi hayo ili kuwakatisha vijana tamaa. Nasema kwa sababu katika picha za miaka ile utamwona dereva na gari lake, na nyuma yao, kando ya barabara, watu wamesimama bila majina. Babu zetu walikuwa upande ule.

Na hawakuwa wamesimama tu. Mashindano yalikuja kuzoeleka wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni majira ya masika. Anayeujua udongo mweusi wa mbugani hahitaji maelezo. Ukikauka ni mgumu kama sementi, ukilowa unameza gurudumu zima. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Magari mengi yaliyotoka matopeni katika miaka hiyo yalitolewa kwa mikono ya wanakijiji, waliosukuma huku wakirushiwa tope la magurudumu usoni. Kikombe hakikuwahi kuandikwa jina la msukumaji.

Vijana wetu wanayajua majina ya madereva wa Finland kuliko ya hapa jirani. Basi niwatajie machache. Bert Shankland alizaliwa Uskoti lakini alikuwa mkazi wa Tanzania, na akiwa na Chris Rothwell alishinda mwaka 1966, akarudia mwaka 1967, miaka yote miwili kwa Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwishatumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Yaani mtumba! Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Wageni wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka na mafundi wao na vipuri vyao, na haikuwa hadi mwaka 1972 ndipo mmoja wao, Hannu Mikkola wa Finland, alipowashinda wenyeji, kwa Ford Escort.

Yuko pia Shekhar Mehta. Huyu alizaliwa Uganda, na ni miongoni mwa jamii ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka uliofuata, akiwa Kenya, alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Mara tano kwa jumla. Mtu aliyefukuzwa nchi moja ya Afrika Mashariki akawa bingwa wa mashindano yenye jina la Afrika Mashariki.

Na jina lenyewe nalo lilipungua. Siasa za Kampala ziliharibika, ujirani wetu na Kenya ukaingia baridi, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka wetu ukafungwa. Mtoto wa Arusha aliyezoea kukimbilia barabarani wakati wa Pasaka akabaki kusikia matokeo redioni. Ndiyo sababu mimi nafurahi kuona kwamba mbio za magari ya kale, kwa baadhi ya miaka, zimevuka tena na kuingia Tanzania. Siyo jambo dogo, hata kama waendeshaji wengi ni matajiri kutoka nje wanaokuja kujistarehesha. Hilo nalo ni kweli, tusifichane. Gharama ya kuleta Porsche ya miaka hamsini na kuitengeneza kila usiku si ya mtu wa mshahara.

Nikitaja Porsche, kuna hadithi ndogo. Kampuni hiyo ilijaribu Safari mara nyingi na haikuwahi kushinda. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa mmoja wa waliojaribu kwa gari lao, akashindwa, akaja kushinda kwa magari ya kampuni nyingine. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi na Porsche 911 katika mbio za magari ya kale, akashinda. Alifariki mwaka 2014.

Haya, sasa hema. Mashindano haya huchukua siku nyingi na mwendo mrefu, na ratiba hubadilika kila yanapofanyika. Kwa hiyo asidhani mtu atayaona yote. Chagueni kipande kimoja cha njia, mfike jioni ya siku iliyotangulia, kwa kuwa barabara ikishafungwa asubuhi hampiti. Zamani haikuwa hivyo. Safari ya awali ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi, dereva akikutana na basi, ng'ombe au twiga, na timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele kumwonya dereva wao. Mavyuma yale makubwa mliyoyaona mbele ya magari hayakuwa urembo.

Chukueni maji kuliko mnavyodhani, angalau debe moja kwa kila watu wawili. Chukueni turubai la kutandika chini, blanketi nzito, tochi, jiko dogo na mkaa wake, unga, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, na vitambaa vya kufunga pua, maana vumbi la Bonde la Ufa ni laini kama unga wa sembe. Mkipiga hema karibu na Ziwa Naivasha, lalani ndani ya uzio. Kiboko hutoka majini usiku kuja kula majani, na hajui kama hema lina mtu. Mwenye gari akumbuke bima ya kuvukia mpaka, na kila mtu awe na hati yake ya kusafiria.

Na hapa nasema kwa ukali kidogo. Msisimame upande wa nje wa kona. Gari likimshinda dereva huelekea huko, na la mwaka 1970 halina vifaa vya kulishika kama la leo. Simameni juu ya kingo, nyuma ya mti au mwamba, na mtoto ashikwe mkono. Msisogee kupiga picha kwa simu. Injini zile mtazisikia kabla hamjaona vumbi. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Bado tunabishana juu ya mahali. Wao wanataka karibu na kituo cha mafundi, penye muziki na nyama choma, mahali kama pale Naivasha ambapo Safari ya ubingwa wa dunia ilirudi mwaka 2021 baada ya kuondolewa kwenye ratiba hiyo tangu mwaka 2002. Mimi nimewaambia watafute kijiji kando ya njia ya zamani, waombe ruhusa kwa mwenyekiti wa hapo, na wapige hema karibu na mzee yeyote aliyewahi kusukuma. Wamuulize alisukuma gari la nani, na kama alilipwa. Wanasema huko hakuna duka. Kikao kijacho ni Jumapili, na mweka hazina, nashukuru, yuko upande wangu.