Greenfoot
Greenfoot ni programu ya bure inayowafundisha wanaoanza misingi ya lugha ya Java kwa kuunda michezo. Michael Kölling na Poul Henriksen waliitoa mwaka 2006.

Kila mchezo una dunia na wahusika. Kwa mfano, chukua kinyonga wa pembe tatu wa Usambara, mkazi wa misitu ya Amani: klasi moja (kiolezo cha wahusika), Kinyonga, huzaa vinyonga wengi kwenye skrini, kila mmoja na sifa zake. Dume ana pembe tatu. Jike hana hata moja. Mwanafunzi huandika amri za mhusika ndani ya sehemu ya klasi iitwayo act(): sogea, ukikuta mdudu, mle. Akibofya kitufe cha Act, kila mhusika hutenda mara moja. Akibofya Run, hurudia mfululizo. Hapo nadharia ngumu huonekana kwa macho.

Greenfoot ikishapakuliwa, hufanya kazi bila intaneti.